Simu ya Nicanor Ilipohamia Paramaribo

Nilitaka kuanza kwa kusema ilikuwa mwaka 2015, lakini nimekosea. Mwaka 2015 serikali iliiacha nchi nzima kwenye saa ya kiangazi, baridi yote ikapita tukiamka gizani kama wezi. Mwaka uliofuata wakubwa wakabadili mawazo, wakaturudisha kwenye saa ya baridi. Basi ni 2017, mwaka ambao Santiago na nchi yote walirudisha saa nyuma, sisi wa Magallanes, mkoa wa kusini kabisa, peke yetu tukaambiwa: ninyi kaeni mlivyo, msiguse kitu. Naam, 2017. Ningekuwa na hakika zaidi kama wenye mamlaka wangekaa kwenye uamuzi mmoja walau miaka miwili.

Nicanor Oyarzo alikuwa jirani yangu pale Porvenir, ng'ambo ya mlango wa bahari ukitokea Punta Arenas. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye mikono ya mkata manyoya ya kondoo: vidole vinene, ngozi laini kwa mafuta ya sufu. Maisha yake yote ya nguvu alizunguka mashamba ya kisiwa kile akikata manyoya, mpaka mgongo ukagoma. Baada ya mgongo, macho nayo yakaanza. Mtoto wa jicho, kushoto na kulia. Mwanzoni alisema ukungu umekuwa mwingi siku hizi. Halafu akaanza kulalamika kwamba magazeti yanachapwa kwa wino hafifu. Mwisho akammiminia paka chai ya moto, akakubali.

Mkewe alikuwa ameshafariki. Binti yake wa pekee, Yasna, ambaye mimi ndiye baba yake wa ubatizo, na huniita baba mdogo, aliolewa Santiago. Kwa kuwa hakuweza kumtunza baba yake kwa mikono, alimtunza kwa vifaa. Kila Krismasi kilishuka kimoja kwenye kivuko: simu, kompyuta, oveni yenye taa za kijani, maikrowevu, runinga kubwa kama mlango wa zizi, na saa ya mezani inayosema. Ukiibonyeza kichwani, mwanamke mwenye sauti ya mwalimu anakutajia saa. Nicanor alimwita Bibi. "Ngoja nimuulize Bibi," husema, na kumpiga kofi kichwani.

Sasa, jambo lenyewe. Nicanor alikuwa amesubiri zaidi ya miaka miwili zamu yake ya kupasuliwa macho. Hatimaye daktari mmoja wa Santiago akawa anakuja Punta Arenas kwa siku moja, kwenye kliniki ndogo ya macho, naye akawekwa kwenye orodha: Jumatatu asubuhi, macho yote mawili kwa mpigo, kwa sababu watu wa ng'ambo hawawezi kuja mara mbili. Kivuko cha Jumapili kilikuwa kinaondoka saa nane mchana. Ukikikosa kile, umekosa. Na usiku wa Jumamosi ile ile, kati ya siku zote ambazo Mungu ameziumba, ndio usiku Santiago walirudisha saa nyuma.

Kwa hiyo Jumamosi jioni nilikwenda kwake kumsaidia kuandaa vifaa, na kulala huko huko ili tuondoke pamoja. Mimi sijawahi kumiliki saa. Sikuona haja, kila ninapokwenda, mtu mwingine anayo.

Redio ilikuwa imewashwa jikoni. Ilikuwa saa ya salamu za mashambani, zile wanazosomewa watu wanaoishi mbali huko kusiko na simu. "Bwana Baltazar wa Rio Chico, mkeo anasema dawa ya mbwa iko kwenye gari la Alhamisi. Familia Mansilla, bibi amefika salama. Na wasikilizaji wote wa Magallanes, kumbukeni: leo usiku msiguse saa zenu."

"Imetosha!" Nicanor akafoka. "Tangu Jumatatu, msiguse, msiguse. Mimi mtoto?" Akaizima redio, akachomoa na waya.

Tukampigia Yasna, simu tukaiweka mezani kwa sauti kubwa.

"Baba, nisikilize bila kukasirika," akasema.

"Ukianza hivyo nimeshakasirika."

"Simu na kompyuta zinadhani uko Santiago. Saa sita usiku zitarudi nyuma zenyewe. Lazima uziambie uko mahali pengine."

"Niziambie niko Magallanes. Ndiko niliko."

"Magallanes haimo kwenye orodha zao, baba. Bado hawajaiingiza."

"Tuko hapa tangu wakati wa babu yangu, bado hawajatuingiza?"

"Baba mdogo Evaristo yupo hapo? Baba mdogo, nenda kwenye mipangilio, kwenye tarehe na saa, zima hiyo ya kujiweka yenyewe, kisha chagua mji. Watu wote huko wanaweka Buenos Aires. Saa yao ni sawa na yenu, na hawarudishi nyuma."

Nilishaanza kutafuta herufi B. Nicanor akaweka kiganja chake kizima juu ya simu.

"Umesema mji gani?"

"Buenos Aires, baba."

"Yasna. Mwaka sabini na nane, mwezi wa Desemba, wewe hujazaliwa, nililala kwenye shimo nililochimba kwa mikono hii, pale mpakani, bunduki kifuani, nikiwasubiri hao watu wa Buenos Aires waje. Upepo ulikuwa ukiingia shingoni unatokea miguuni. Hawakuja. Na leo niwaingize mwenyewe ndani ya simu yangu, wanipangie saa ya kunywa chai yangu ya mate?"

"Baba, ni saa tu!"

"Na ule ulikuwa mpaka tu."

Wakati huo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Ercira, jirani yetu wa upande wa pili, mama wa kufuga kuku, na trei ya mayai. Ercira hakuwahi kubisha hodi nyumba yoyote ya mtaa ule.

"Mnagombana nini? Nawasikia mpaka bandani."

"Wanataka kunifanya Muajentina," akasema Nicanor.

"Mimi nimeweka Buenos Aires tangu asubuhi," akasema Ercira, "na kuku wangu wanataga vile vile. Hakuna yai lililotoka likiimba nyimbo zao za tango."

"Wewe hukulala shimoni."

"Nililala na mume aliyetoka shimoni na kikohozi, miaka kumi na tisa. Weka hiyo Buenos Aires, mzee, ukapasuliwe macho yako."

"Heri nibaki kipofu."

Yasna akaanza kulia kidogo kwa hasira, nikamwambia mwanangu kata simu, tutapata njia. Nikashusha orodha taratibu, nikimsomea mzee mji mmoja mmoja. Ilikuwa kazi ya kuchosha, maana Nicanor alikuwa na neno kwa kila mji.

"Montevideo."

"Binamu zao. Wanakula nyama moja, wanavaa kofia moja. Endelea."

"São Paulo."

"Hao nasikia nao hurudisha. Endelea."

"Paramaribo."

"Iko wapi hiyo?"

"Sijui. Ercira?"

"Huko juu kwenye joto," akasema Ercira, ambaye naye hakujua.

"Wamewahi kudai ardhi yetu?"

"Hawajui hata kama tupo."

"Basi hao ndio watu wastaarabu. Weka."

Nikaweka. Kwenye kompyuta Paramaribo haikuwamo, ikabidi tuitafutie mji mwingine. Tukapata Cayenne, nayo Nicanor akaihoji kama afisa wa forodha mpaka akaridhika. Ercira akaondoka akitikisa kichwa, akisema wanaume wawili wazima wamemaliza jioni nzima kuhamisha vyombo nchi za watu.

Vilibaki oveni, maikrowevu, saa ya mkononi na yule Bibi. Hivyo havijui kitu; ukiviacha vinakaa vilivyo.

"Hivi tuviache," nikasema.

"Tuviache," akasema Nicanor. "Ndivyo serikali inavyotaka. Tusifanye kitu. Kitu gani kigumu hapo?"

Tukanywa chai, tukala mkate na jamu ya mashina machachu ya rubabu. Nikaosha vyombo. Nikiwa nimempa mgongo nilisikia oveni ikilia tii, tii, tii, nikadhani anapasha mkate. Nikamsikia Bibi naye akitaja saa mara mbili tatu, nikadhani anamjaribu. Mtu yuko kwake. Huwezi kumuuliza kila anachogusa.

Jumapili tuliamka tumetulia. Begi lilikuwa tayari mlangoni, pajama mpya ndani, na kipande cha paja la kondoo kwa ajili ya dada yangu wa Punta Arenas ambaye angetulaza. Nicanor akaweka mchuzi wa kondoo na viazi jikoni. Nikawasha runinga. Kulikuwa na misa kutoka Santiago, kisha watu wakicheza mpira, na saa ndogo pembeni ya kioo.

"Saa ngapi huko?" akauliza kutoka jikoni.

"Runinga inasema saa tano na nusu."

Akampiga Bibi kofi. Bibi akasema saa tano na nusu. Oveni, saa tano na nusu. Nikaitazama simu.

"Simu inasema saa sita na nusu."

"Hiyo ni ya Paramaribo."

"Si ndio maana tuliiweka huko, ndugu yangu? Ili iseme kweli?"

"Tuliiweka huko isirudi nyuma. Hatukuiambia iende mbele. Joto limeipanda kichwani." Akaonja mchuzi. "Wako watatu wanasema kitu kimoja, tena mmoja ni runinga ya taifa. Wewe unataka tumsikilize mgeni?"

Nilijikuna kichwa. Nilihisi kuna kitu hakiko sawa, lakini kila nilipokishika kiliteleza. Kurudi nyuma, kwenda mbele, nani karudi, nani kabaki. Ni mambo ya kumpa mtu homa. Na mchuzi ulinukia vizuri. Tukala kwa raha, Nicanor akarudia mara ya pili, akisema hospitali watamnyima chakula. Kompyuta hatukuifungua kabisa. Redio ilikuwa imelala na waya wake pembeni.

Tulikuwa tunakunywa mate ya mwisho, Bibi amesema saa saba kasorobo, ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Ercira akasimama pale na ndoo ya maganda.

"Nyie mko hapa?"

"Karibu mate," akasema Nicanor.

"Mate gani! Kivuko kinaondoka saa nane, na sasa ni saa nane kasorobo!"

"Saa saba kasorobo, mama. Muulize Bibi."

Ercira hakumuuliza Bibi. Aliitazama oveni, akaitazama saa ya mkononi ya Nicanor, akatazama runinga na ile saa yake ya Santiago. Niliona uso wake ukipata rangi ya nyanya.

"Nani amegusa saa za nyumba hii?"

Akarusha ndoo nje na maganda yake, akakimbilia pikapu.

Tulikwenda bandarini Bahía Chilota kama tunafukuzwa. Nicanor alikumbatia begi kifuani, mimi nimeshika paja la kondoo. Tulipokunja kona ya mwisho kivuko kilikuwa kimeshainua mdomo wake, maji meupe nyuma yake, na kijana wa kamba anatupungia mkono kana kwamba tumekwenda kumuaga.

"Kinaondoka?" Nicanor akauliza, maana yeye aliona ukungu tu.

"Kimeondoka," nikasema.

Alivua kofia, akaipiga chini. Akaiokota, akaipiga tena. Kisha akaketi juu ya gogo la kufungia kamba, na nikaona mabega yake makubwa yakishuka. "Miaka miwili," akasema. "Zaidi ya miaka miwili, Evaristo."

Ercira alikuwa ameshageuza gari. "Pandeni! Tunazunguka."

Kuzunguka ni kukipanda kisiwa chote kwa barabara ya kokoto mpaka Bahía Azul, pale mlango wa bahari ulipo mwembamba, uvuke kwa kivuko kidogo, kisha ushuke tena upande wa pili mpaka Punta Arenas. Ni safari ya kumaliza siku. Ercira aliendesha huku anatusema, na barabara ilikuwa ndefu kiasi kwamba alituchambua tukaisha, akaanza upya.

"Sikugusa," Nicanor alikuwa akisema.

"Oveni ilijigusa?"

"Labda."

"Na saa ya mkononi? Nayo ilipita oveni kuuliza njia?"

Tulipita mashamba mawili matatu, guanako, wale jamaa wa ngamia wasio na nundu, wamesimama kando ya uzio wanatushangaa. Ndipo akasema, polepole, akiwa ametandaza mikono yake magotini: "Ercira, mikono hii imerudisha saa nyuma kila vuli tangu nilipooa. Marehemu alikuwa anaosha vyombo, mimi nazunguka nyumba. Jana nilisikia vyombo vinaoshwa. Sikumbuki kuamua."

"Na 2015?" nikamuuliza. "Mwaka ule pia tuliambiwa tusiguse."

"2015 niliishi wiki nzima nimechelewa. Hakuna aliyegundua. Sikuwa na pa kwenda."

Ercira akakaza usukani. Halafu akasema: "Kwa hiyo umehangaika kuwakwepa Waajentina, ukajirusha mwenyewe mpaka Santiago." Nicanor akacheka bila kutaka, na mimi nikacheka, na gari likaruka shimo tukagonga vichwa.

Pale Bahía Azul upepo ulikuwa umefunga kivuko. Tulikaa ndani ya pikapu tukitikiswa kama mbegu kwenye kibuyu, tunakula mayai ya kuchemsha ya Ercira, mpaka upepo ukapungua wakaturuhusu. Tulifika kwa dada yangu tukiwa na vumbi mpaka masikioni. Lakini tulifika. Nicanor alilala akiwa anatabasamu, kwa sababu alidhani mabaya yamekwisha.

Jumatatu dada yangu, ambaye saa zake zote ni za ukutani na za kukaza kwa mkono, alituamsha na kututoa nje kwa wakati. Kulikuwa bado giza, barafu barabarani. Kliniki ilikuwa imefungwa. Mlangoni walisimama wazee wengine wanne, na mtu mmoja mrefu mwenye begi la ngozi, akipiga miguu chini kwa baridi.

"Na wewe ni jicho gani?" Nicanor akamuuliza.

"Mimi ndiye daktari," akasema.

Tukasubiri. Daktari alipiga simu ndani, ikaita bure. Alipiga mlango. Alizunguka nyuma, akarudi. Alisema hotelini walimwamsha vizuri, na kwamba ndege yake inaondoka mchana, haisubiri mtu. Wazee tukasogeleana kama kondoo kabla ya dhoruba. Kukaanza kupambazuka. Saa nzima ilipita pale nje, nyie, saa nzima kamili, na ndipo binti wa mapokezi akaja akitembea kwa madaha, mkononi funguo na glasi ya maziwa ya ndizi.

"Jamani, mmewahi!" akasema. "Tunafungua saa mbili."

"Ni saa tatu," akasema daktari.

Binti akatazama simu yake. Akatutazama sisi. Akaitazama simu tena, na machozi yakaanza kumtoka. "Niliizima ile ya kujiweka yenyewe," akasema. "Naapa niliizima. Dada yangu ndiye aliyeniwekea mji." Ndani, kompyuta ya mapokezi nayo ilikuwa imejirudisha nyuma usiku wa kuamkia Jumapili, haikumwambia mtu.

Nilidhani Nicanor atalipuka. Hakulipuka. Alimshika binti mkono kwa kiganja kile chake na kusema: "Usilie, mwanangu. Mimi nilizigusa mwenyewe."

Daktari alipiga hesabu pale pale, koti bado mwilini. Watu watano, macho kumi, na asubuhi iliyokatwa mkia. Akasema hawezi kumfanya mmoja macho mawili na mwingine arudi bure. Basi kila mtu jicho moja. Wazee wakakubali. Ungekataaje?

Nicanor alitoka na kitambaa kwenye jicho la kulia. Kesho yake kilipotolewa, nilikuwa nimeketi mbele yake. Alinitazama muda mrefu, akasema: "Mungu wangu, Evaristo, umezeeka." Kisha akamgeukia Ercira, akamtazama zaidi ya alivyonitazama mimi, mdomo wazi. Ercira akamwambia afunge mdomo, upepo utaingia.

Jicho la kushoto alipangiwa mwaka uliofuata. Mwaka uliofuata daktari hakuja. Aliishi miaka yake iliyobaki na jicho moja la kijana na moja la ukungu, na alikuwa akifumba lile zima kila runinga ilipoonyesha saa.

Mimi nina jambo moja tu linalonikera mpaka leo. Agosti ya mwaka uliotangulia, wakati wa kuingia kiangazi, nchi nzima ilikatwa saa moja ya usingizi, kama inavyokatwa kila mwaka. Desturi ni kwamba vuli wanakurudishia. Santiago walirudishiwa yao. Sisi wa Magallanes tuliambiwa tukae tulivyo, na hakuna aliyetaja deni. Nilimuuliza daktari alipokuwa anakimbilia teksi: jicho moja huchukua muda gani? Akasema, chini ya saa moja. Basi nikauliza, na nimemuuliza Yasna, nimemuuliza mtangazaji wa redio, nimemuuliza hata padri: ile saa yetu moja, ambayo ingetosha jicho la kushoto la Nicanor, nani alibaki nayo?